Mnagawa viwanja vya wazi, mnatuletea wagonjwa

SEHEMU YA 1

 

Leo siongelei chanjo wala maziwa ya mama. Leo nimeandika nikiwa na hasira, mtanisamehe.

Juzi natoka zamu ya usiku, napita kwenye kiwanja ambacho tangu nimehamia huku watoto wanachezea mpira na rede. Nakuta mawe ya bikoni yamepandwa. Kimekatwa. Nikamuuliza kijana mmoja pale, akanijibu kirahisi tu: "Nesi, hapa palikuwa panakaa bure."

Bure! Hilo neno ndo limenitoa usingizi, maana kiwanja hicho ndicho kilichonirudisha kazini. Baada ya mtoto wangu wa pili nilikuwa na presha, miguu imejaa, ngazi tatu za wodi nahema kama nimepanda mlima. Daktari akaniambia, pamoja na dawa, tembea. Nikatembea pale kila jioni, mtoto mgongoni, naona aibu, mpaka wamama wengine wawili wakaniunga. Sikitaji kiwanja wala mtaa, sitaki ugomvi na mtu. Ila hoja naitaja: hakuna kiwanja cha wazi kinachokaa bure. Naanza na watu wa mbali, tutarudi nyumbani.

SEHEMU YA 2

Marekani, jimbo la California, kuna mji wa baharini unaitwa Santa Monica. Miaka ya 1930 uchumi ulikuwa umeanguka vibaya, kazi hakuna, watu wana njaa. Pale ufukweni, pembeni ya gati, vikawekwa vifaa vya mazoezi. Msifikirie vitu vya ajabu. Vyuma vya kuning'inia, pete, jukwaa dogo la mbao. Hakuna geti, hakuna kiingilio. Watu wakapaita Muscle Beach, yaani ufukwe wa misuli.

Kilichofuata ni hiki. Wanasarakasi wakaja, wabeba vyuma wakaja, watoto wakaja. Wikiendi watu walijaa kwa maelfu kuangalia wenzao wanavyobebana na kurushana juu. Watu wakijaa mahali, mnajua wenyewe: mwenye soda anauza, mwenye chakula anauza, mpiga picha anapata chochote.

Na mama zangu, mmoja wa watu waliopapa sifa alikuwa mwanamke. Abbye Stockton, alizaliwa 1917, kazi yake ilikuwa kuunganisha simu. Kukaa kutwa kwenye kiti kukamnenepesha, mchumba wake akamletea vyuma vidogo vya mkononi. Akaanza taratibu. Baadaye akawa anambeba mwanaume mzima juu ya kichwa, watu hoi. Zama zile ilisemwa mwanamke akibeba chuma anageuka dume. Yeye akaanza kuandika safu ya mazoezi ya wanawake kwenye jarida mwaka 1944, na mwaka 1948 akafungua sehemu ya mazoezi ya wanawake. Amefariki 2006, akiwa na miaka 88. Alianzia mchangani, mahali pasipo na kiingilio.

SEHEMU YA 3

Sasa sehemu inayouma, na kama mama siwezi kuiruka.

Mwishoni mwa mwaka 1958 baadhi ya wanaume waliokuwa wakifanya mazoezi pale walishtakiwa kwa kufanya ngono na wasichana wadogo. Hilo ni kosa, halina utetezi. Lakini mji ulifanya nini? Badala ya kushughulika na wahusika na kuweka usimamizi, ukafunga eneo na kung'oa vifaa. Waliokuja na watoto wao kwa nia njema nao wakafukuzwa.

Na watu hawakuacha mazoezi. Walihamia kilomita chache kusini, Venice, ambako tayari palikuwa na eneo la wazi la vyuma. Mwaka 1965 mmoja wa vijana wa ule ufukwe wa zamani, Joe Gold, akafungua jimu palepale Venice. Mwaka 1968 akaja kijana kutoka Austria anaitwa Arnold Schwarzenegger, akafanya mazoezi pale, akawa bingwa, akawa nyota wa sinema, mwaka 2003 akachaguliwa gavana wa California. Jina la Gold's Gym leo liko nchi nyingi duniani.

Aliyefunga alipoteza, jirani akaokota. Santa Monica wenyewe walikuja kulirudishia eneo lao heshima mwaka 1989, miaka thelathini baadaye.

Kwa hiyo watu wa Kasulu, nawatania lakini nasema kweli: nyie fungeni vyenu, sisi Kibondo tutaokota. Ila na sisi tunavifunga vilevile, ndo maana silali.

SEHEMU YA 4

Kuna atakayesema, nesi, hao ni Wazungu, wana bahari na hela.

Haya, twende Dar es Salaam. Coco Beach nani hapajui? Jumamosi na Jumapili asubuhi vikundi vya joging vinapita na fulana zao, wanaimba. Watu wanaruka, wananyoosha viungo, watoto wanachimba mchanga. Na wakimaliza wanakula nini? Mihogo! Mihogo ya Coco Beach ina jina nchi nzima. Mihogo, jamani, ambayo sisi Waha tunailima, tunaivundika, tunaisaga, tunaila asubuhi na jioni, na wala hatujawahi kufikiria kuwa inaweza kumsomeshea mtu mtoto kwa sababu tu kando yake kuna uwanja ambao watu wanakuja kukimbia.

Na Coco Beach nayo ilikuwa na mvutano wa miaka mingi na mwekezaji. Wananchi wakapiga kelele, leo bado ni ya watu wote. Ingekuwa imezungushiwa ukuta, yule mama wa mihogo angekuwa wapi?

Sisi hatuna bahari, na Ziwa Tanganyika liko kule chini Kigoma. Lakini tuna baridi nzuri ya asubuhi, tuna vilima, na tuna, au tulikuwa na, viwanja.

SEHEMU YA 5

Sasa najibu maneno ninayoyasikia kila siku kliniki.

Neno la kwanza: "Mwanamke wa Kiha analima, anabeba kuni, mazoezi ya nini?" Nakubali nusu. Mama anayeamka saa kumi na moja na jembe, akirudi na ndoo kichwani, huyo sitamwambia akimbie. Huyo anahitaji kupumzika, na mume wa kumpokea ile ndoo. Lakini tusidanganyane, siyo wote tunaolima. Kuna mama wa duka Kasulu mjini, kutwa kwenye kiti. Kuna mwalimu, kuna mshonaji, kuna mimi. Sokoni tunapanda boda, shule mtoto anapelekwa na boda, hata kanisani na msikitini boda. Chakula ni kilekile cha mtu anayelima, ugali umejaa sahani, na mboga inaelea kwenye mawese. Hapo presha na sukari zisituingie zitaenda wapi?

Neno la pili: "Mwanamke kuruka ruka uwanjani ni aibu." Mama zangu, aibu niliyoiona mimi ni mama wa miaka thelathini na kitu kuletwa amepooza upande mmoja, mtoto bado ananyonya. Hakuwahi kupima presha tangu ajifungue. Tukisha kumlaza, hakuna anayekumbuka aibu ya uwanjani. Vaa kanga, vaa dera, funga kilemba, tembea. Hakuna aliyesema uvae kaptula.

Neno la tatu: "Viwanjani kuna wahuni, binti yangu atapotea." Hili nalichukulia kwa uzito, mmeona yaliyotokea Santa Monica. Lakini uwanja wenye wamama kumi wanatembea na watoto hauna nafasi ya wahuni. Uhuni unapenda palipo na giza na wakubwa hawapo. Wekeni taa, wekeni zamu ya wazazi, na mtu akimgusa mtoto apelekwe polisi yeye. Msiwafungie watoto wote.

Neno la nne, la wakubwa: "Viwanja vinaleta mapato halmashauri." Ndiyo, mara moja. Ukishauza umeuza. Uwanja ukiwa hai, kila jioni kuna wa uji, wa matunda, wa karanga, wa maji, wa viatu vya mtumba, na fundi wa kuchomelea vyuma vya mazoezi. Hao wanalisha familia kila siku, na wengi wao ni wanawake. Na mgonjwa wa kiharusi mmoja anaifilisi familia: ng'ombe anauzwa, shamba linauzwa, binti anaacha shule amhudumie mama. Hayo mapato ya kiwanja mtayaweka upande gani wa daftari?

SEHEMU YA 6

Serikali yenyewe ilishasema. Desemba 2016, Mama Samia akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na ikatangazwa kila Jumamosi ya pili ya mwezi watu watoke. Shirika la Afya Duniani nalo kwenye mwongozo wake wa 2020 linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za kujishughulisha kwa wiki, na mjamzito na aliyejifungua nao, kama hawana tatizo linalowazuia. Ni nusu saa kwa siku, siku tano. Mtoto wa shule ni saa nzima kila siku. Sasa mtoto huyo atakimbilia wapi, barabarani kwenye malori?

Msiniambie vifaa ni ghali. Nguzo mbili na bomba la chuma katikati. Makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege. Tairi bovu la lori. Kamba ya kuruka. Vijana wa mtaani wanajua kuvitengeneza, waulizeni.

Ninachoomba tufanye:

Moja, mkutano wa mtaa, kijiji au kitongoji ukiitwa, nenda. Uliza mbele ya watu: ramani ya mipango miji inaonyesha viwanja vya wazi viko wapi, na vingapi bado viko? Iandikwe kwenye muhtasari. Tukikaa nyumbani, wanaume watano wanaamua kwa niaba yetu.

Mbili, mkiwa kikundi mnataka kuuza pembeni ya uwanja, ulizeni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ni haki yenu kuuliza.

Tatu, anza kutembea kesho. Uliyejifungua kawaida, anza taratibu mwili ukiruhusu. Uliyepasuliwa, au uliyekuwa na presha au kifafa cha mimba, njoo kwanza hudhurio la siku ya 42 tukupime, tukushauri. Na wewe uliyepata kifafa cha mimba nisikilize vizuri: presha inaweza kurudi miaka ya mbele hata kama sasa unajisikia mzima. Uwe unapima. Ukiona kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, au damu inatoka nyingi, siyo suala la mazoezi tena. Njoo hospitali saa hiyohiyo.

SEHEMU YA 7, NAMALIZA

Yale mawe ya bikoni bado yapo, na nyumba bado haijajengwa. Jumamosi hii nitakuwa off. Saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa pale na kipimo changu cha presha, na wale wenzangu wawili. Tutatembea kuzunguka hayo mawe. Mtu akituuliza tunafanya nini, tutamjibu tunatumia kiwanja kinachokaa bure.

Njooni na watoto. Mwenye uji aje na uji, tutanunua.

Nesi wenu, Kibondo.