Supu ya Mifupa ni Njema, Lakini si Maziwa

Ndugu Mkulima,

Mfupa ni mali. Anayesema kwamba mfupa ni wa mbwa tu, huyo hajui kupika. Lakini leo nataka kuzungumza nawe mambo mawili juu ya supu ya mifupa: la kwanza ni sifa yake, na la pili ni mpaka wake. Naona wengi katika skimu zetu wamelishika la kwanza wakalisahau la pili, na wanaoumia ni watoto.

Mwezi uliopita mama mmoja alifika ofisini kuuliza habari za mbegu. Mgongoni alibeba mtoto wa miaka miwili hivi, mwembamba, nywele zake zimefifia. Nikamwuliza, "Mama, mtoto huyu hunywa maziwa?" Akanijibu, "Karani, maziwa yote huenda kwa ushirika asubuhi na jioni, maana tuna deni. Lakini hakosi supu ya mifupa kila siku, nayo yashinda maziwa." Nilimwomba ampeleke mtoto kituo cha afya siku ile ile. Simlaumu mama huyo. Maneno kama yake nimeyasikia kwa wazee na nimeyasikia sokoni, na siku hizi hata watu wa mijini husema kwamba supu ya mifupa huponya kila ugonjwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Supu ina faida zake. Mgonjwa asiyeweza kutafuna huinywa akapata maji, chumvi na nguvu kidogo. Mama aliyejifungua hupewa supu karibu kila mahali katika Kenya, nayo humpasha moto na kumrudishia hamu ya kula. Wamasai huitia magome ya miti, kama olkiloriti, nao wanajua kwa nini. Tena supu hufanya githeri na mboga ziwe tamu, na mtoto aliyechoka na ugali mtupu hula zaidi. Hayo yote kwa mifupa ambayo huuzwa kwa bei ndogo kuliko nyama.

Sasa mpaka wake. Watu hufikiri hivi: mfupa una chokaa, yaani kalsiamu; basi ukichemsha mfupa, chokaa itaingia katika maji. Haiwi hivyo. Chokaa imeshikamana na mfupa kwa nguvu, na maji ya moto hutoa kidogo sana. Mwaka 1934 wataalamu watatu wa London, McCance, Sheldon na Widdowson, walitangaza matokeo ya kupima supu ya mifupa na mboga waliyokuwa wakipewa watoto wadogo. Waliona kwamba chokaa iliyotoka katika mifupa ilikuwa kidogo tu, wala supu haikufaa kushika mahali pa maziwa. Kikombe kimoja cha maziwa, robo lita, kina chokaa kama miligramu 300 na protini kama gramu 8. Supu haifikii hapo kwa chokaa.

Kuna na jambo jingine, nalo latuhusu sana sisi walaji wa mahindi. Supu ikipoa huganda kama uji mzito. Kinachoigandisha ni jelatini, nayo ni protini, lakini ni protini yenye pengo: haina kabisa kitu kiitwacho triptofani, ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Na mahindi nayo yana upungufu wa kitu hicho hicho. Kwa hiyo ukimpa mtoto ugali kwa supu tupu, ni kama kuziba tundu la ua kwa mti wenye tundu. Maharagwe, maziwa, mayai na nyama yenyewe ndiyo huliziba. Na ukitaka mifupa ikupe chokaa, basi kula omena pamoja na mifupa yake, kwa maana hapo mfupa wenyewe umeingia tumboni.

Basi ipikeni hivi. Nunua mifupa ya viungo, magoti au kwato, kwa mwuza nyama ambaye nyama yake imepigwa muhuri wa mkaguzi. Mnyama aliyekufa mwenyewe usimpasue wala usimpike, bali mwite mtu wa mifugo, maana kimeta hakiogopi sufuria. Mwambie mwuza nyama aikate mifupa vipande. Ioshe, uitie katika sufuria kubwa, umimine maji baridi hadi yapite mifupa kwa vidole vinne. Maji yakichemka, toa povu kwa kijiko, kisha punguza moto na ufunike. Mifupa ya ng'ombe yataka saa nne hadi sita. Ya mbuzi saa tatu. Ya kuku saa mbili zatosha. Kama kuni ni haba, usiwashe moto kwa ajili ya supu peke yake. Iweke jikoni siku unapopika maharagwe, sufuria zipokezane moto ule ule.

Saa ya mwisho tia kitunguu, karoti na nyanya. Chumvi itie mwishoni, tena kidogo, hasa ikiwa nyumbani kuna mwenye shinikizo la damu. Engua mafuta yaliyozidi. Kisha usiinywe tupu: itie katika maharagwe yaliyoiva, au upikie managu au terere, ili chakula kiwe kamili. Pika ya kutosha siku moja. Supu iliyolala sufuriani ikiwa vuguvugu huleta kuumwa na tumbo.

Mtoto wa chini ya miezi sita asipewe supu wala maji. Maziwa ya mama yamtosha. Na mifupa iliyobaki ichome mpaka iwe nyeupe, uiponde, uitie shambani. Chokaa iliyokataa kuingia katika supu itafaa udongo, pamoja na fosfati iliyomo.

Ndugu Mkulima, najua deni la shamba. Tangu mpango wa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962, mkulima wa skimu amejifunza kuhesabu kila chupa ya maziwa, na amefanya vyema. Lakini hesabu isiyomweka mtoto ndani yake si hesabu kamili. Kabla debe halijatoka nyumbani, pima kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa kila mtoto aliyeacha ziwa, ukiweke kando, ukichemshe. Vikombe hivyo viwili ni nusu lita kwa siku. Deni litachelewa kidogo, nalo litalipika. Mwili wa mtoto uliodumaa katika miaka yake ya kwanza ni vigumu sana kuurudisha.

Kwa hiyo sufuria ya mifupa na ikae motoni, na kikombe cha maziwa kikae mezani. Kimoja kisimfukuze mwenzake.

Karani wa Ofisi ya Kilimo