Sekenke ilivyonitoa ushamba

Kuna ushamba wa kijijini na kuna ushamba wa mjini. Ule wa kijijini unakutoka kwa wiki moja tu pale Kariakoo, ukishaibiwa simu mara mbili. Wa mjini ndio sugu. Mimi wangu nimetolewa majuzi, mlimani Sekenke, mkoani Singida, na aliyenitoa ni mzee mmoja mwenye tenga la kuku.

Tuanze mwanzo. Mwandishi wenu siku hizi ni mtu wa baiskeli. Nimenunua ya mtumba, gia 21, tairi pana, na bei yake nyumbani nimetaja nusu tu, kwa hiyo naomba mnitunzie siri. Ugonjwa huu niliupata Unguja. Tulikwenda washikaji watatu, tukakodi baiskeli Paje, tukaambiwa tusubiri maji kupwa. Bahari ilipojivuta, mchanga ukabaki mgumu kama sakafu ya saruji. Tukapiga pedali mpaka Jambiani bila kukutana na gari hata moja! Kushoto bahari, kulia minazi, katikati sisi na kina mama wa mwani. Kesho yake tukazunguka njia za vijijini upande wa msitu wa Jozani, kwa wale kima punju. Nikarudi Dar nimeoza kabisa. Kila kijiwe nahubiri: baiskeli tamu ni ile isiyo na gari nyuma yake.

Dar yenyewe mnaijua. Tangu mwendokasi uanze mwaka 2016 pale Barabara ya Morogoro tuna njia ya baiskeli kabisa, tena nzuri. Ukiingia unakutana na bodaboda, muuza machungwa, na jamaa wa kava za simu aliyetandika turubai. Ukipiga kengele unaulizwa, "Kwani unawahi wapi?"

Basi, mjomba wangu wa Shelui akanipigia simu nikamtembelee. Nikaona dili hilo. Shelui iko chini ya mlima Sekenke. Nitapanda basi mpaka Misigiri, nitashusha baiskeli yangu, halafu nitateremka mlima wote kwa upepo kama wale Wazungu wa mashindano ya Ufaransa. Nikanunua na miwani. Miwani, jamani!

Kwa wasiopajua, Sekenke ni pale ambapo nchi ya juu ya Iramba inakatika ghafla na kuanguka kwenye mbuga ya Wembere. Kwa madereva wa masafa hilo ni jina la kusalia. Barabara ile inabeba malori ya Rwanda, Burundi na Kongo, na enzi za vumbi mlima ulikuwa unakula magari hasa. Lami ya Singida hadi Shelui, kilomita 110, ilijengwa miaka ya 2000, safari zikawa fupi. Lakini mteremko ni ule ule, na lori lililopakia mzigo ni lile lile.

Dakika tano za kwanza nilikuwa mfalme. Upepo masikioni, miwani usoni. Ya sita nikasikia honi nyuma. Basi la abiria, jina lake silitaji, linanipita kwenye kona huku lori linapanda kutoka chini. Barabara ya watu wawili, sisi tuko watatu. Nani wa kutoka? Nikatoka mimi. Nilipofumbua macho nilikuwa kwenye kokoto, goti linavuja damu, usukani umepinda, miwani siijui ilipo mpaka leo.

Hapo ndipo alipotokea mzee. Alikuwa anakokota Phoenix ya zamani, ile ya tairi kubwa, nyuma kwenye keria tenga la kuku wa kienyeji. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Wewe ni mgeni?"

"Ndiyo mzee. Umejuaje?"

"Unateremka na baiskeli kwenye njia ya magari."

Akaninyooshea usukani kwa kubana tairi katikati ya magoti, kazi ya nusu dakika, akaniambia nimfuate. Hatua chache tu kutoka pale palikuwa na kinjia kinaingia porini. Mimi nilikipita kwa spidi nikadhani ni cha mbuzi.

Wasomaji wangu, ile njia! Inashuka kwa kuzungukazunguka ndani ya miombo, kivuli juu, majani makavu chini, imekanyagwa na ng'ombe na watu mpaka imekuwa ngumu kama ule mchanga wa Jambiani. Penye mawe tunashuka na kukokota. Penye afadhali tunapanda. Mzee hana breki. Breki yake ni ndala: anainua mguu, anabana soli kwenye tairi la nyuma, kuku wanalalamika kidogo, baiskeli inatii. Mimi na gia zangu 21 nilikuwa nyuma yake mwanzo mpaka mwisho. Ukiuliza nitakwambia ni goti.

Tulipopumzika chini ya mbuyu akanipa historia. Huku chini Wajerumani walianza kuchimba dhahabu mwaka 1909, na vita ilipowabana, mwaka 1916, dhahabu ya Sekenke ikapelekwa Tabora kufyatuliwa sarafu za rupia 15, zenye picha ya tembo. Wanaokusanya sarafu wanazitafuta hadi leo. "Wazee wetu walikwenda machimboni kwa njia kama hizi," akasema. "Lami imekuja juzi. Lami ni ya wanaopita. Hii ni ya wanaokaa."

Hatukukutana na gari. Tulikutana na kijana wa ng'ombe, kina mama wawili wenye kuni, na baiskeli nne, moja imebeba gunia la alizeti, nyingine imebeba mke na mtoto. Wote walitusalimia. Pale juu kwenye lami hakuna aliyenisalimia zaidi ya ile honi.

Kwa mjomba nilipokewa kwa kuku (si wa yule mzee) na kicheko. Binamu yangu, kijana wa kidato cha tatu, akaitazama baiskeli yangu kama wewe unavyotazama gari la mbunge. Kesho yake alfajiri akanipeleka mbugani. Wembere wakati wa kiangazi ni bahari iliyosahau maji: tambarare mpaka macho yanachoka, udongo umepasuka vipande, na njia za mikokoteni ya ng'ombe zinakwenda kila upande. Kaskazini ndiko liliko Ziwa Kitangiri. Hatukufika, jua lilitukataza. Lakini tuliendesha saa tatu bila kusikia injini. Nikamwambia dogo, "Nyie mnaishi peponi halafu mmenyamaza tu!"

Akacheka. "Kaka, njoo mvua zikianza."

Hapo sasa, msomaji, acha kutafuna karanga unisikilize. Desemba mpaka Aprili hivi, mbuga inageuka tope jeusi. Linakamata rimu, tairi halizunguki, unaibeba baiskeli badala ya yenyewe kukubeba. Vinjia vyote vya raha vinakufa. Wa baiskeli wote, wa alizeti, wa kuku na wa shule, wanahamia kwenye lami, pamoja na malori. Msimu wa mvua uliopita binamu yangu alikuwa anarudi shule, lori likampita karibu, upepo wake ukamtupa mtaroni. Mfupa wa bega ukavunjika. Dereva hakusimama, labda hata hakujua.

Tangu siku hiyo mvua zikianza mama yake anaifungia baiskeli stoo. Dogo anatembea kwa miguu, anafika shule kipindi cha kwanza kimekwisha. Mjomba anasema mtoto ataanguka mtihani. Mama anasema afadhali aanguke mtihani. Kila mvua zikija nyumba inagombana kwa ajili ya baiskeli, na wote wawili wana haki.

Nikakumbuka mahubiri yangu ya kijiweni nikaona aibu. Mimi njia isiyo na gari naitafuta kwa starehe, nikiikosa naenda kunywa soda. Yeye akiikosa anakosa hesabu au anakosa bega. Na wala haombi makubwa. Haombi pwani ya Paje. Anaomba mita moja na nusu ya kifusi kilichoshindiliwa, pembeni ya lami, juu ya maji, ili mvua zikija mwenye baiskeli asichague kati ya tope na lori. Tunajua kujenga kilomita 110. Hicho cha pembeni ndicho kinatushinda?

Kwa mtakaokwenda, na nendeni, nawapa za bure. Nendeni Juni mpaka Oktoba. Bebeni tyubu ya akiba, gundi na viraka, maana miiba ya migunga haina huruma na mtoto wa mjini. Maji mengi kuliko unavyofikiri. Ukifika kijijini pita ofisi ya kijiji ujitambulishe. Ukiuliza njia usiulize barabara ya kwenda fulani, watakuelekeza kwenye lami. Uliza, "Mwenye baiskeli anapita wapi?" Na miwani acheni nyumbani.

Siku ya kuondoka nilimwachia binamu yangu lile koti langu la kung'aa, la kuvaa usiku. Nilijiona nimefanya jambo la maana. Mama yake akalishika, akaligeuza mbele na nyuma, akashukuru sana. Halafu akaniuliza taratibu:

"Na hilo lori, baba, litakuwa linalijua koti?"

Sikuwa na jibu. Mwenye nalo anayejenga barabara amwandikie yule mama, mimi tuonane wiki ijayo, goti likipona.