Nafuu ya serikali: nani anailipia Rumonge?

Serikali inapookoa sekta moja ya uchumi, gharama haipotei, bali hubebwa na mwingine. Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, wanaovusha bidhaa kati ya Rumonge, Kigoma, Baraka na Kalemie wanalifahamu jambo hilo vizuri.

Mwezi Oktoba 2008 Marekani iliidhinisha dola bilioni 700 kunusuru mabenki yake. Burundi haikuwa na fedha za namna hiyo. Nafuu yake ilipitia kwenye dola ya bei rasmi, ambayo waagizaji wa bidhaa zilizopewa kipaumbele, kama vile mafuta, mbolea na dawa, waliipata benki. Waliobaki walinunua mtaani.

Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, na dola ikapanda kutoka karibu faranga 2,100 hadi zaidi ya 2,800. Hata hivyo pengo halikuzibika. Kufikia mwishoni mwa 2024, dola ya mtaani ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya benki.

Wanaotetea utaratibu huo wana hoja. Dizeli ikipanda bei, nauli hupanda katika barabara ya taifa namba 3 inayounganisha Bujumbura, Rumonge na Nyanza-Lac, na bei ya dagaa na mawese hufuata. Kwa hiyo hata asiyenunua lita moja hunufaika na ruzuku.

Lakini hoja hiyo inasimama pale tu mafuta yanapopatikana kwa bei iliyotangazwa. Katika miaka ya uhaba, vituo vilikauka huku bei rasmi ikibaki chini. Mwenye boti alilazimika kununua kwa walanguzi, naye akamtoza mwenye mzigo. Tofauti ya bei hizo mbili haikumfikia mlaji, bali iliishia kwa aliyekuwa karibu na chanzo cha mafuta. Mfanyabiashara mdogo anayeleta bidhaa kutoka Kigoma akaumia mara mbili: kwa dola ya mtaani na kwa mafuta ya magendo.

Tanzania nayo ilipitia mtihani unaofanana na huo. Juni 2009 Rais Jakaya Kikwete alitangaza mjini Dodoma mpango wa shilingi trilioni 1.7 wa kunusuru uchumi, ukiwemo msaada kwa wanunuzi wa pamba waliopata hasara bei ilipoanguka duniani. Mkulima wa pamba angeweza kusema alinufaika, kwani bila mnunuzi zao lake lingeoza. Muuza samaki hakuwa na cha kuonyesha, ingawa kodi yake ilikuwemo. Baadaye likazuka swali la nani hasa alizipata fedha hizo.

Tofauti kati ya nafuu ya haki na upendeleo haiko katika kiasi cha fedha. Iko katika mambo matatu: waliosaidiwa wajulikane kwa majina, msaada uwe na tarehe ya mwisho, na mwenye hasara inayofanana aweze kuomba kwa masharti yale yale. Dola ya bei rasmi haikuonekana katika bajeti kama msaada, na kwa sababu hiyo asiyeipata hakuwa na pa kuulizia alilipa kiasi gani.

Kwa wafanyabiashara wa Rumonge, kudai nao wapewe dola ya bei nafuu kutaongeza foleni tu. Dai lenye uzito zaidi ni orodha ya walioipata.