Thamani ya trekta la zamani haifi kwa kuwa jipya limefika

Kila linapoingia nchini toleo jipya la trekta au pikipiki, bei ya yaliyotangulia hutikisika. Mashine mpya hupangwa kwenye viwanja vya maonyesho ya Nanenane mjini Morogoro, matangazo hutolewa redioni, na muda si mrefu mwenye trekta la zamani kule Ifakara, Mang'ula au Mlimba huanza kuambiwa na madalali kwamba mali yake imepitwa na wakati. Wapo wanaouza kwa hofu na kupokea nusu ya walichostahili. Wapo pia wanaong'ang'ania mashine ambayo kweli thamani yake inayeyuka, wakisubiri bei ambayo haitarudi.

Jambo hili si dogo. Katika Bonde la Kilombero, ambako mpunga ndio tegemeo la kaya nyingi, trekta au pawatila moja huwa ndiyo benki ya familia. Mwenyewe hulima shamba lake, huwalimia wengine kwa malipo ya ekari na husomba magunia kwa tela. Ikitokea ada ya shule au ugonjwa mzito, mashine hiyo ndiyo inayouzwa. Kwa mantiki hiyo, bei ambayo mashine itauzwa baadaye ni sehemu ya mtaji wa mkulima sawa na ng'ombe au kiwanja, na mkulima asiyeijua anafanya biashara gizani.

Ukweli ni kwamba toleo jipya halishushi bei ya la zamani kwa kiwango kimoja kila mara. Yapo mambo mawili yanayoamua. La kwanza ni kama mashine mpya inafanya kazi ambayo ya zamani haiwezi, au inaifanya kwa gharama ndogo zaidi. La pili ni kama spea na mafundi wa mashine ya zamani bado wapo. Rangi, umbo la boneti na taa mpya huwavutia wanunuzi kwa muda mfupi tu, kisha shamba huamua.

Hata kwenye magari ya fahari ya Ulaya hali ni hiyo hiyo. Kampuni ya Porsche ya Ujerumani ilipoacha injini iliyopozwa kwa hewa katika gari lake la 911 mwishoni mwa miaka ya 1990, toleo la zamani lijulikanalo kama 993 lilifuatiwa na la 996 lenye injini inayopozwa kwa maji. Kwa mawazo ya kawaida, la zamani lingepaswa kuporomoka bei. Leo hii 993 linauzwa ghali kuliko 996 lililochukua nafasi yake, kwa sababu wanunuzi wanalitaka kwa kitu ambacho toleo jipya halina.

Wakulima wa Kilombero wana mfano wao wa karibu zaidi, nao ni Massey Ferguson. Trekta la MF 165 lilianza kutengenezwa mwaka 1964, na matoleo mengi yamekuja baada yake, yakiwamo 240, 375 na 385. Kiwanda cha Coventry, Uingereza, kilikotoka matrekta mengi ya aina hiyo, kilifungwa mwaka 2003. Hata hivyo bei ya matrekta hayo haikuzikwa pamoja na kiwanda. Kampuni ya Millat ya Pakistan iliendelea kutengeneza matoleo ya 240, 375 na 385, na spea zake zikaendelea kufika madukani. Aidha, injini za Perkins zilizomo ndani yake zinafahamika kwa mafundi wengi hapa nchini. Fundi wa kijijini anaweza kufungua pampu ya dizeli, kubadilisha nozeli na kurudisha trekta shambani bila kuhitaji kompyuta.

Hapo ndipo ilipo siri ya bei. Msimu wa kulima mpunga bondeni ni mfupi. Mvua zikishakolea na mabonde kujaa maji, trekta lililokufa barabarani kwa wiki tatu limepoteza sehemu kubwa ya mapato ya mwaka mzima. Mnunuzi wa mashine iliyotumika analijua hilo. Anapolipa bei nzuri kwa trekta la miaka 30, hanunui uzee wake. Ananunua uhakika kwamba likiharibika Jumatatu, Jumatano litakuwa linalima.

Upande wa pili wa sarafu umeonekana kwa matrekta ya Ursus. Kuanzia mwaka 2017 matrekta hayo kutoka Poland yaliunganishwa Kibaha, mkoani Pwani, kwa mpango uliosimamiwa na Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC). Yalikuwa mapya na yalikuja kwa matumaini makubwa. Mwaka 2021 kampuni mama ilitangazwa kufilisika nchini Poland. Mtengenezaji anapoanguka, thamani ya mashine yake huanguka siku ile ile, hata kama trekta lenyewe lina saa chache za kazi na bado linanguruma vizuri. Mnunuzi huuliza kwanza spea zitatoka wapi, na asipopata jibu hukata bei yeye mwenyewe.

Tofauti inaonekana kwa matrekta yaliyoletwa na SUMA JKT kuanzia mwaka 2010 kwa mkopo wa dola milioni 40 kutoka Serikali ya India. Yalikuwa ya aina ya Farmtrac na New Holland. Watengenezaji wa aina zote mbili wapo mpaka leo. Kampuni ya Escorts inayotengeneza Farmtrac sasa imeungana na Kubota ya Japani. Trekta la mpango huo limezeeka kuliko Ursus, lakini kiwandani bado kuna mtu wa kuulizwa. Umri peke yake, kwa hiyo, haumwambii mnunuzi kitu cha kutosha.

Isieleweke kwamba cha zamani ni bora siku zote. Zipo mashine mpya zinazoua soko la za zamani moja kwa moja, na si busara kupingana nazo. Kombaini inayovuna, kupura na kupepeta mpunga kwa mkupuo mmoja huwapunguzia kazi wenye mashine za kupura peke yake. Mahali kombaini zinapoongezeka, mashine ya kupura hubaki na wateja wa majaruba madogo na sehemu zenye tope ambazo kombaini haifiki. Mwenye mashine hiyo anapoona wateja wake wa ekari nyingi wanahama, asisubiri msimu wa tatu. Auze mapema, au aihamishie mahali ambako kombaini bado hazijafika.

Pawatila nazo zina funzo lake. Baada ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009, pawatila zilisambazwa wilaya nyingi, zikiwamo zenye udongo mkavu na mgumu ambako zilishindwa kazi na kubaki zikipata kutu. Pawatila hiyo hiyo ikiwekwa kwenye jaruba lenye maji hufanya kazi yake inavyotakiwa. Mashine iliyokosa thamani katika wilaya moja inaweza kuwa na thamani kamili katika wilaya nyingine, na mfanyabiashara makini hupata faida yake hapo.

Suala hili hueleweka vizuri zaidi kwa hesabu. Chukulia mfano wa wakulima wawili, kwa tarakimu za kukadiria tu. Wa kwanza ananunua trekta kwa Sh. milioni 50, na baada ya miaka mitano analiuza kwa Sh. milioni 30. Wa pili anavutiwa na aina ngeni ya bei nafuu, anainunua kwa Sh. milioni 42, na baada ya miaka mitano anapata mnunuzi wa Sh. milioni 12 tu. Wa kwanza amepoteza Sh. milioni 20, sawa na Sh. milioni 4 kwa mwaka. Wa pili amepoteza Sh. milioni 30, sawa na Sh. milioni 6 kwa mwaka. Kama kila mmoja analima ekari 300 kwa mwaka, uchakavu peke yake umemgharimu wa kwanza Sh. 13,300 hivi kwa ekari, na wa pili Sh. 20,000. Aliyenunua kwa bei rahisi ndiye aliyelipa zaidi.

Hatari huwa kubwa zaidi pale mashine inaponunuliwa kwa mkopo na yenyewe ikawa ndiyo dhamana. Toleo jipya likishusha bei ya la zamani kwa kasi kuliko deni linavyopungua, mkulima hujikuta anadaiwa Sh. milioni 18 kwa trekta ambalo sokoni lina thamani ya Sh. milioni 12. Hawezi kuliuza alipe deni, na likikamatwa na kupigwa mnada bado atabaki anadaiwa. Mavuno yakiwa mabaya mwaka huo, shamba au nyumba ndiyo itakayofuata.

Vijana wa bodaboda wamo katika hesabu hiyo hiyo. Wengi wao huchukua pikipiki kwa mkataba, wakipeleka hesabu kila wiki kwa mwaka mmoja au zaidi hadi pikipiki inapokuwa mali yao. Malipo ya jasho lote hilo, mbali na riziki ya kila siku, ni thamani ya pikipiki siku mkataba unapokwisha. Ikiwa ni Boxer au TVS ambayo spea zake hupatikana kila kona, toleo jipya likija bado kijana ana kitu mkononi cha kuuza na kuongeza mtaji. Ikiwa ni aina iliyoletwa kwa msimu mmoja na mwagizaji wake akapotea, amebaki na chuma chakavu. Kijana anayesaini mkataba auliza kwanza bei ya pikipiki ya aina hiyo yenye umri wa miaka miwili, ndipo aangalie uzuri wa tangi.

Kwa anayetaka kuuza, zipo njia za kulinda bei. Kadi ya usajili iwe na jina la muuzaji mwenyewe, maana kadi yenye jina la mmiliki wa tatu nyuma humpa mnunuzi sababu ya kushusha bei au kuondoka. Risiti za spea na daftari la kubadilisha oili na filta zihifadhiwe, kwani ndizo ushahidi pekee kwamba mita ya saa haidanganyi. Wakati wa kuuza nao uchaguliwe vizuri. Miezi ya baada ya mavuno, fedha zikiwa mikononi na watu wakijiandaa kwa kilimo kijacho, wanunuzi ni wengi. Anayeuza Machi, mashamba yakiwa yameshalimwa na mabonde yamejaa maji, anauza kwa shida yake.

Soko pia limepanuka. Tangu Daraja la Magufuli lilipozinduliwa katika mto Kilombero mwaka 2018, trekta la Ifakara halisubiri tena kivuko ili lifike Lupiro au Malinyi. Muuzaji asiyeridhika na bei ya dalali mmoja ana nafasi ya kuuliza ng'ambo ya mto kabla ya kukubali.

Hata hivyo, mzigo wote hauwezi kuachwa kwa mkulima. Trekta la kilimo halitozwi ushuru wa forodha katika Afrika Mashariki, na hiyo ni sadaka ya walipa kodi kwa ajili ya kilimo. Anayenufaika na msamaha huo kwa kuingiza aina mpya anapaswa kubanwa aoneshe spea zilipo na fundi aliyepata mafunzo katika maeneo anakouza, na aahidi kwa maandishi zitapatikana kwa miaka mingapi. Duka lililopo Dar es Salaam peke yake halimsaidii mkulima wa Mngeta mwezi Desemba.

Mipango ya Serikali nayo inapaswa kujifunza kutoka Kibaha. Kabla ya Ursus, kiwanda cha TRAMA kiliunganisha hapo matrekta ya Valmet kutoka Finland katika miaka ya 1980, nacho hakikudumu. Kila mpango unaoleta aina mpya bila kuandaa spea za miaka 15 ijayo unawaachia wakulima deni lisiloandikwa mahali popote. Taasisi za mikopo nazo zinajua zaidi kuliko wakopaji ni mashine gani huuzika zikikamatwa. Ni haki mkopaji aelezwe makadirio hayo kabla hajasaini, badala ya kuyagundua siku ya mnada.

Mkulima wa Kilombero hana sababu ya kuziogopa mashine mpya, wala ya kuzikimbilia. Akiwa mbele ya trekta linalong'aa, swali la bei lije la pili. La kwanza liwe ni nani atalinunua kutoka kwake baada ya miaka mitano, na kwa nini. Muuzaji akishindwa kulijibu, basi punguzo analotoa leo mkulima atalilipa mwenyewe baadaye.