Msituambie Cheti ni Karatasi Tu

Jumapili iliyopita nilikuwa kwenye ibada katika kanisa moja huku kwetu Ulyankulu, mkoani Tabora, nikasikia maneno ambayo mpaka leo hayajanitoka kichwani. Mchungaji mgeni alikuwa anachangisha fedha za huduma ya meno vijijini. Vijana kumi na wawili wa kanisa wamekwisha kuhudhuria semina ya siku mbili. Kilichobaki, alisema, ni koleo za kung'olea, sindano za ganzi na baiskeli za kuwafikisha kwa wagonjwa. Mzee mmoja akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu kama vijana hao watakuwa na cheti chochote. Mchungaji akacheka, waumini wakacheka naye. "Mzee wangu, cheti ni karatasi tu. Yesu aliponya bila cheti."

Makofi yakapigwa. Mimi sikupiga.

Sina chonge za chini, zote mbili. Nilizaliwa katikati ya miaka ya 1980, na nilipofika miezi sita hivi nikashikwa na homa na kuharisha. Jirani akanifunua mdomo, akaona ufizi umetuna na kuna weupe kwa ndani, akatangaza kwamba mtoto ana meno ya plastiki, yale ambayo wengine huyaita ya nailoni. Akaitwa mtu aliyekuwa akipita na baiskeli. Alinichokoa ufizi kwa spoki iliyonolewa, akawaonyesha wazazi wangu vijipande viwili vyeupe kama ushahidi, akapewa jogoo, akaenda zake. Mimi nilipona. Mdogo wangu aliyenifuata alichokolewa vivyo hivyo, na mtu yule yule. Taya likavimba, akashindwa kunyonya, siku ya tisa tukamzika.

Weupe ule ni chonge ya utotoni ambayo bado inajengeka ndani ya ufizi. Ni laini kwa sababu haijakomaa, na ingetoka yenyewe mtoto akifika mwaka mmoja na nusu hivi. Pembeni yake kuna chimbuko la chonge ya ukubwani, ile inayotoka mtoto akikaribia miaka kumi, na spoki haichagui inachoharibu. Kuharisha kuna sababu yake nyingine kabisa: miezi sita ndio umri ambao mtoto anaanza uji, anaanza kutambaa, na kila anachookota anakipeleka kinywani. Alihitaji maji safi, chumvi-sukari na kuwahishwa zahanati. Watafiti wa afya ya kinywa hapa nchini wameyaandika haya tangu miaka ile ile imani hii ilipoenea. Uganda wanayaita ebino. Madaktari wa meno wa Ulaya na Israel nao wamekuta vinywa kama changu kwa watoto wa wahamiaji waliotoka pembe hizi za Afrika.

Swali langu kwa mchungaji ni moja. Yule mtu wa baiskeli aliitwa nani?

Baba alimtafuta. Alitoka barabara hadi barabara, maana huku vijiji vyetu huitwa barabara na vina namba, na kwaya ya Barabara ya 13 imeifanya namba hiyo ijulikane nchi nzima. Kila alipofika aliambiwa alikuwa hapa juzi. Hakukuwa na daftari lenye jina lake, hakukuwa na mwalimu wa kuulizwa alimfundisha nini, wala ofisi ya kumwambia asirudie. Mama ni mzee sasa, na bado anamwita "yule wa baiskeli." Alimkabidhi watoto wawili, na jina lake hajalijua mpaka leo.

Cheti ni jina. Ni jina lililoandikwa mahali, likiwa na mtu anayejibu kwa niaba yake. Mwenye cheti akimwumiza mwanao unajua pa kwenda. Tuna Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017, na Baraza la Madaktari Tanganyika lina daftari ambalo jina linaweza kufutwa. Vijana kumi na wawili wa semina ya siku mbili watafutwa kwenye daftari gani? Jino likikatikia ndani, usaha ukashuka shingoni na kuziba koo, koleo lisilochemshwa likahamisha homa ya ini kutoka kinywa cha mama hadi kinywa cha binti, baba wa mtoto atatoka barabara hadi barabara akimwuliza nani?

Na mchungaji huyu hakujua anasema mbele ya akina nani. Wazazi wangu waliingia hapa mwaka 1972 wakikimbia mauaji ya Burundi. Waling'oa visiki, wakalima, wakazaa, wakazika. Mwaka 2007 Serikali iliwauliza wakimbizi wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo wachague kurudi au kuwa raia. Watu wapatao 162,000 wakakubaliwa uraia, na vyeti vyenyewe vikaanza kugawiwa Oktoba 2014. Kati ya kuingia na kushika karatasi ilipita miaka 42. Muda wote huo kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Nilimwona baba akiipokea karatasi ile kwa mikono miwili, akaifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka chini ya godoro, na usiku aliamka kuhakikisha ipo. Ulyankulu ni mahali pa mwisho Tanzania nzima pa kusimama na kusema karatasi ni karatasi tu. Sisi tunajua mtu asiye na karatasi anafanywaje.

Sasa hilo la Yesu. Wale kumi wenye ukoma aliwaponya, ndiyo, lakini aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, kwa sababu sheria ya nchi yao ilimpa kuhani kazi ya kukagua na kutamka kwamba mtu ametakasika. Aliyeweza kuponya kwa neno alikubali kazi yake ikaguliwe. Kijana wa semina ya siku mbili mwenye koleo mkononi anakataa ukaguzi kwa hoja ipi?

Nje ya kanisa mama mmoja aliniambia bibi zetu walipiga mswaki kwa kijiti cha mti na hawakuwa na cheti. Bibi alikuwa anasafisha meno yake mwenyewe! Hakutembea na baiskeli kung'oa ya watu. Hoja hii naisikia kila mahali, na kila mara inasemwa kana kwamba imemaliza mjadala.

Tazameni vitu ambavyo nchi hii haikubali vishikwe na yeyote tu. Huku tunaishi kwa tumbaku. Jani la tumbaku haliuzwi mpaka mteuzi aliyesomea alishike, alinuse, alipe daraja, na daraja hilo laandikwa. Kijana wa bodaboda husimamishwa kila kona aonyeshe leseni. Na zamani, njia ya misafara ilipokuwa ikipita Tabora kwenda Ujiji, meno ya tembo yaliyotoka bara mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi yalipimwa kwa frasila, yakahesabiwa mpaka Bagamoyo. Katika nchi hii ya mtemi Mirambo hayakupita bila hongo, yaani ushuru wa njia, na alipoifunga njia mwaka 1871 hata msafiri Stanley alilazimika kuzunguka kusini. Jino la tembo aliyekufa lilikuwa na mwenyewe, bei na mtu wa kuulizwa likipotea. Jino la mwanangu mnataka lishikwe na mtu asiyeandikwa popote.

Msinisingizie kwamba nataka kila kijiji kingoje daktari aliyekaa Muhimbili miaka mitano. Najua daktari huyo hatafika Barabara ya 13 kesho. Lakini Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano, kwa mafunzo ya miezi sita. Hapo ndipo pa kuwapeleka vijana wa kanisa. Wizara nayo iweke kinywa ndani ya miezi hiyo kwa uzito wake, mtihani uwepo, na cheti kiseme waziwazi mwenye nacho anaruhusiwa nini: kukagua kinywa, kufundisha kupiga mswaki kwa dawa yenye floridi, kumtambua mtoto mwenye usaha na kumpeleka kwa tabibu wa meno siku hiyo hiyo, na kusimama mlangoni mwa mama anayetaka kuita mtu wa meno ya plastiki. Kiseme pia asichoruhusiwa. Asing'oe. Asichome ganzi.

Kazi ya mikono inayozidi hapo ina watu wake, nao hawahitaji majengo ya vioo. Njia ya kuziba jino kwa vifaa vya mkono tu, bila umeme wala mashine ya kutoboa, ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwenye mpango wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikokuwa daktari wa meno Jo Frencken, na kufikia 1994 Shirika la Afya Duniani lilikuwa linaipigia debe dunia nzima. Kule Mwanza, shirika la Bridge2Aid liliwafundisha matabibu wa vijijini kung'oa jino kwa usalama. Waliochukuliwa ni watu waliokwisha kusomea tiba, wenye vituo vyao na wakubwa wao wa kazi.

Bahasha ya ahadi ya mchango ule bado iko mezani kwangu. Nimeandika shilingi 50,000, na nitazitoa kwa furaha kulipia nauli na daftari za vijana wale siku watakapopata nafasi ya mafunzo. Koleo zibaki dukani.