Ramani, Safari na Nyanya

Mabinti wa madrasa wametujia wakitaka kutengeneza filamu kuhusu ramani na safari. Tukawaonyesha ramani ya al-Idrisi, iliyokamilika Sicily mwaka 1154, ambayo kusini iko juu. Wakaigeuza karatasi mara mbili! Tukawaeleza pia kuhusu Ibn Battuta, aliyefika Mombasa mwaka 1331 akawaona watu wakiosha miguu mlangoni mwa msikiti.

Baba mmoja amemkataza bintiye kushika kamera. Hatumlaumu, haya ni pambo. Lakini nyanya wa binti huyo alisafiri kwa jahazi kutoka Lamu, na nyumbani mwao hakuna mwingine aikumbukaye njia ile. Tunamwomba baba aruhusu sauti yake irekodiwe, na picha iwe ya mikono yake tu, ikionyesha njia.