Pampu ya Insulini Huziba Kimya Kimya

Kila mwaka Noeli inapokaribia nyumba zetu nyingi hupokea wageni kutoka ng'ambo: binti aliyeolewa Ujerumani, kijana anayefanya kazi Marekani, na wajukuu waliozaliwa huko ambao Kiswahili chao ni cha kubahatisha. Miongoni mwa wajukuu hao wapo wenye kisukari cha aina ya kwanza, kile ambacho kongosho limeacha kabisa kutengeneza insulini. Bibi aliyezoea kuona mgonjwa akichomwa sindano asubuhi na jioni hushangaa kumwona mtoto ana kidude kidogo kiunoni, na mpira mwembamba ukiingia tumboni chini ya shati.

Hiyo ndiyo pampu ya insulini. Ndani yake mna kichupa cha dawa. Mpira huipeleka dawa hiyo hadi kwenye kanula, yaani kijibomba laini cha plastiki kilichochomekwa chini ya ngozi. Pampu hudondosha insulini kidogo kidogo usiku na mchana, na wakati wa chakula huongeza kiasi. Si jambo la jana wala juzi, kwani madaktari wa London walichapisha habari za matibabu ya namna hii mwaka 1978. Ni chombo kizuri na sina ugomvi nacho.

Ugomvi wangu ni na mazoea ya kukiachia kila kitu. Maoni yangu ni kwamba nyumba yoyote inayomlaza mtu mwenye pampu, hata kwa usiku mmoja, yapasa iwe na mtu mzima mwingine anayejua la kufanya pampu ikiziba. Tena yapasa iwe na kichupa cha insulini na mabomba ya sindano. Wapo watakaosema ninamtwika bibi mzigo wa kitaalamu usio wake, na kwamba mambo ya mashine waachiwe vijana. Naelewa hofu hiyo. Lakini anayezibiwa na pampu ndiye huyo huyo kijana, na sukari ikipanda sana akili yake huzubaa. Tutamwachia nani basi?

Tuone kwanza kwa nini jambo hili halingoji kesho. Mtu anayejichoma sindano aghalabu hutumia pia insulini ya muda mrefu, ambayo hukaa chini ya ngozi ikifanya kazi siku nzima. Akichelewa sindano moja ya chakula, bado ana akiba. Mwenye pampu hana akiba hiyo, maana pampu hutumia insulini ya haraka peke yake. Njia ikiziba, baada ya saa chache mwili hubaki mkavu bila insulini. Hapo huanza kuunguza mafuta na kutoa ketoni, ambazo ni aina ya asidi. Damu hugeuka kuwa na asidi nyingi, na mtu aliyekula vizuri saa mbili usiku anaweza kuamka alfajiri anatapika.

Lakini si pampu hulia ikiziba? Hulia, ila huchelewa. Pampu haioni insulini ikiingia mwilini. Inachohisi ni msukumo unaoongezeka ndani ya mpira. Tuseme inahitaji yuniti 2 zikwame ndipo ihisi. Mtoto mdogo anayepewa nusu yuniti kwa saa atakaa saa 4 bila dawa kabla ya mlio wa kwanza. Na kama kanula imechomoka na dawa inavuja kwenye nguo, haitalia kamwe, kwa sababu hakuna kinachoizuia. Ndiyo maana nasema ukimya wa pampu usimpe mtu usingizi. Cha kuaminiwa ni tone la damu la kidoleni.

Sababu za kuziba ni nyingi. Kanula hupinda wakati wa kuchomekwa, hasa kwa watoto wembamba. Damu kidogo huganda kwenye ncha yake. Mpira hubanwa na mkanda wa suruali au wa gari. Wengine hurudia sehemu ile ile ya tumbo mpaka ngozi inakuwa ngumu na yenye uvimbe, na dawa haipenyi vizuri tena. Kwetu lipo pia joto. Insulini ikipata joto kali huharibika, na huweza kuganda vichembe vidogo ndani ya mpira. Mtoto anayetoka kwenye theluji na kukaa kutwa nzima juani Tanga au Kisumu, pampu ikiwa imebanwa mwilini, asihesabu siku kama anavyohesabu Ulaya. Seti ya mpira na kanula kwa kawaida hubadilishwa kila siku 2 au 3. Kwenye joto letu afadhali aibadilishe mapema. Insulini ya akiba ihifadhiwe kwenye jokofu, mbali na sehemu ya kugandisha. Pasipo na umeme, chungu chenye maji kilichowekwa kivulini husaidia sana.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Pampu ikilia kuwa imeziba, au sukari ikipita 14 bila sababu inayojulikana, msikae mkibonyeza vitufe. (Mashine za kupimia za Marekani husoma kwa hesabu nyingine, na 14 yetu ni kama 250 yao. Muulizeni mgeni mapema, msije mkatishana bure.) Pimeni ketoni kwa kijiti cha mkojo au cha damu. Zikiwapo, insulini ya kusahihisha ichomwe kwa bomba la sindano, si kupitia pampu, kwa maana hamjui kama pampu hiyo inafikisha chochote. Kiasi kiwe kile alichoandikiwa na daktari wake. Zisipokuwapo, anaweza kujaribu mara moja kwa pampu na kupima tena baada ya saa moja. Sukari isiposhuka, aje kwenye sindano.

Kisha seti yote ibadilishwe: chombo cha dawa, mpira na kanula, kwa insulini mpya, mahali papya pa ngozi. Kuunyoosha mpira uliopinda na kwenda kulala hakutoshi. Tena kuna hatari ambayo wengi hawaifikirii. Insulini iliyobanwa ndani ya mpira, kizuizi kikiachia ghafla, huweza kuingia yote kwa mkupuo na kuishusha sukari mno. Kwa hiyo mpira utenganishwe na mwili kwanza, ndipo uguswe au ujazwe upya. Baada ya hapo apime baada ya saa moja au mbili, anywe maji ya kutosha, na mtu akeshe naye kidogo. Kwa sababu hiyo hiyo, siku za kawaida kanula mpya isiwekwe wakati wa kwenda kulala, bali mchana, ili kasoro ionekane watu wakiwa macho.

Linalonitia hofu zaidi ni jinsi dalili zinavyotudanganya. Kutapika, maumivu ya tumbo, uchovu, kupumua kwa nguvu, kusinzia: nani kati yetu akiona hayo kwa mgeni aliyetoka Ulaya juma lililopita hatasema ni malaria? Huenda hata kipimo kikaonyesha malaria, kwani mtu aweza kuwa na vyote viwili. Mkifika zahanati semeni wazi, hata kama hamjaulizwa, kwamba huyu ana kisukari, anatumia pampu, na sukari na ketoni zipimwe sasa hivi. Akiwa anatapika mfululizo, anahema kwa kina au pumzi yake inanukia kama matunda yaliyoiva mno, msipitie zahanatini kama hospitali yenye dripu na insulini inafikika.

Na lile neno la nyumbani, "hajala, asipewe insulini," tuliache kabisa kwa mgonjwa wa aina hii. Asiyekula bado anahitaji insulini; kiasi ndicho hubadilika, na hicho husemwa na daktari. Kuisimamisha kabisa ndiko kunakoleta asidi.

Niseme pia kidogo juu ya ndugu wanaotaka kutuma pampu zilizotumika kama zawadi kwa wagonjwa wa huku. Nia ni njema, lakini pampu bila mipira na kanula za kila siku 2 au 3 haina kazi. Tuma vijiti vya kupimia sukari; vitatumika siku hiyo hiyo vinapofika.

Kwa wageni wa mwaka huu, basi, piga simu kabla hawajapanda ndege. Mwambie mama wa mtoto insulini na seti za akiba vikae kwenye mkoba wa mkononi, maana chini ya ndege huweza kuganda. Alete mabomba ya insulini yenye alama za yuniti 100 kwa mililita, si bomba la kawaida la zahanati. Aandike kwa Kiswahili karatasi moja yenye kiasi cha kusahihisha, kiasi cha insulini ya muda mrefu endapo pampu itakufa kabisa, na simu ya daktari wake. Karatasi ibandikwe ukutani, si kufichwa sandukuni. Siku ya pili baada ya kufika, bibi aketi na mjukuu wake, avute maji kwenye bomba mpaka alama ya 4, atoe viputo vya hewa, na achome chungwa. Arudie mpaka mkono uache kutetemeka.